SOMO LA WIKI: Kikapu cha mteja katika duka la intaneti, na jinsi ya kukilinda hadi kwenye malipo

Kila mwenye duka anajua tofauti kati ya mtu aliyeingia kuangalia, mtu aliyeshika bidhaa mkononi na mtu aliyelipa. Wa kwanza ni mpita njia, wa pili ni tegemeo, wa tatu ni mauzo. Katika duka la kawaida muuzaji huwatofautisha watu hawa kwa macho. Katika duka la intaneti macho hayo hayapo. Kazi yake hufanywa na utaratibu wa kumbukumbu unaoitwa kikao cha mteja, na utaratibu huo ukipangwa vibaya, fedha hupotea bila mwenye duka kujua zimepotelea wapi.

Somo letu la wiki hii linahusu utaratibu huo. Halikuandikwa kwa ajili ya mafundi wa kompyuta, ambao vitabu vyao wanavyo. Limeandikwa kwa ajili ya mfanyabiashara anayetaka kufungua duka la intaneti, au ambaye tayari analo na anashangaa kwa nini vikapu ni vingi na mauzo ni machache. Aidha litamfaa mwekezaji mdogo anayeombwa kuweka akiba yake katika biashara ya namna hiyo.

KWA NINI DUKA LA INTANETI HUSAHAU

Ili kuelewa tatizo, ni lazima kwanza kuelewa jinsi kompyuta mbili zinavyozungumza. Mteja anapofungua ukurasa wa duka, simu yake hutuma ombi kwa seva, yaani kompyuta inayotunza duka. Seva hutoa jibu, kisha mazungumzo huisha. Mteja akigusa ukurasa wa pili, hilo ni ombi jipya kabisa. Kwa asili yake, lugha ya mawasiliano ya tovuti, inayojulikana kama HTTP, haina kumbukumbu. Ni sawa na karani anayesahau sura ya mteja kila mara mteja anapogeuka kuangalia rafu nyingine.

Kwa gazeti au kamusi ya intaneti hilo si tatizo kubwa, lakini kwa duka ni balaa. Mteja akiweka sukari, kisha akaenda kutafuta unga, duka likisahau sukari hakuna mauzo.

Ufumbuzi ulipatikana mwaka 1994 katika kampuni ya Netscape ya Marekani. Mhandisi wake, Lou Montulli, alikuwa akishughulikia mahitaji ya mteja wa kampuni hiyo, MCI, aliyetaka programu ya kuuzia bidhaa lakini hakutaka seva zake zibebe kumbukumbu za manunuzi ambayo hayajakamilika. Montulli alibuni kitu kidogo ambacho seva humkabidhi mteja akitunze katika kivinjari chake na kukirudisha kila anapotuma ombi. Kwa Kiswahili tunakiita kidakuzi, na wengi husema kuki tu. Mwaka uliofuata, Julai 1995, Amazon ilifungua duka lake la vitabu kwa umma. Utaratibu huo wa kidakuzi ndio unaotumika hadi leo, na kanuni zake zimeandikwa upya mara kadhaa, ikiwemo mwaka 1997 na mwaka 2011.

NAMBA YA KUTUNZIA MIZIGO

Msomaji achukue mfano wa mahali pa kutunzia mizigo. Unakabidhi begi lako, unapewa kibati chenye namba. Begi linabaki ndani, wewe unatembea na namba. Ukirudi na namba, unapewa begi lako.

Kikao cha duka la intaneti hufanya kazi hivyo hivyo. Kidakuzi hubeba namba tu, ndefu na isiyokisika. Orodha ya bidhaa na idadi yake hukaa kwenye seva. Mteja anaporudi na namba yake, seva hufungua kikapu chake.

Hapa kuna kosa moja lililofanywa na maduka mengi ya mwanzo. Baadhi yalitunza bei ya bidhaa upande wa mteja, ndani ya fomu iliyofichwa kwenye ukurasa. Mnunuzi mjanja aliweza kuibadilisha kabla ya kutuma, akalipa shilingi mia kwa kitu cha shilingi elfu kumi. Kanuni ya biashara ni rahisi: mteja hubeba namba, duka hubeba bei. Kila mteja anapofika kwenye malipo, duka lisome bei upya kutoka daftari lake lenyewe.

KIKAO NA KIKAPU SI KITU KIMOJA

Hili ndilo jambo muhimu kuliko yote katika somo hili. Kikao ni muda ambao duka linamtambua mteja aliyeko mbele yake. Kikapu ni orodha ya vitu alivyochagua. Maduka mengi madogo huviunganisha, hivyo kikao kinapokufa, kikapu nacho hufa.

Kikao hufa mapema kuliko wenye maduka wanavyodhani. Katika PHP, lugha ya programu inayoendesha maduka mengi ya intaneti, kipimo cha kawaida cha uhai wa taarifa za kikao kisichotumika ni sekunde 1,440, yaani dakika 24. Baada ya hapo seva inaruhusiwa kuzifagia. Fundi asipobadilisha kipimo hicho, basi mwenye duka amekubali kanuni hiyo bila kuulizwa.

Dakika 24 zinaweza kumtosha mtu aliyekaa ofisini mbele ya kompyuta. Kwa mteja wetu wa simu hali ni nyingine. Bando linaisha katikati ya manunuzi. Umeme unakatika na chaji haipo. Simu inaingia, mazungumzo yanachukua nusu saa. Mama anataka kwanza kumuuliza mwenzake kama wanunue kitanda cha futi tano au sita. Mwingine anachagua bidhaa tarehe 25 akisubiri mshahara wa mwisho wa mwezi. Watu wote hawa ni wateja halisi. Wakirudi na kukuta kikapu kitupu, wachache ndio wataanza upya.

Kwa hiyo utaratibu mzuri hutenganisha mambo hayo mawili. Kikao cha usalama, hasa baada ya mteja kuingia kwa neno la siri, kiwe kifupi. Kikapu kihifadhiwe katika kanzidata ya duka kwa siku kadhaa au wiki. Mteja akirudi ataombwa kujitambulisha tena kabla ya kulipa, lakini vitu vyake atavikuta. Jambo moja tu la kuzingatia: kikapu cha siku nyingi hutunza chaguo la mteja, hakitunzi bei. Bei ikiwa imepanda, duka limwarifu mteja waziwazi kabla hajalipa.

MTEJA MMOJA, VIKAPU VIWILI

Mteja huweka vitu kwenye simu asubuhi bila kujisajili, kisha jioni hufungua akaunti yake kwenye kompyuta ambako alikuwa na kikapu kingine. Duka lifanye nini? Kutupa kimoja ni kutupa mauzo. Kuunganisha vyote kunaweza kurudisha kitu ambacho mteja alikwishakiondoa.

Amazon ilikutana na swali hili kwa kiwango kikubwa. Mwaka 2007 wahandisi wake walichapisha maelezo ya mfumo wao uitwao Dynamo, uliotumika pia kwa kikapu cha manunuzi. Walieleza kwamba mteja ni lazima aweze kuongeza kitu kikapuni wakati wote, hata kama baadhi ya mitambo imeharibika. Nakala mbili za kikapu zikitofautiana, huunganishwa kwa namna ambayo kitu kilichoongezwa hakipotei, ingawa kitu kilichoondolewa kinaweza kujitokeza tena mara mojamoja.

Huo ni uamuzi wa kibiashara uliovaa nguo za kiufundi. Kitu kilichorudi kwa bahati mbaya, mteja atakiona kwenye orodha na kukitoa. Kitu kilichopotea hatakiona, na mauzo yake yamekwenda. Duka dogo linaweza kufuata mantiki hiyo hiyo: unganisha, kisha mwonyeshe mteja orodha kamili kabla ya malipo.

JE, KITU KILICHO KIKAPUNI KIMEUZWA?

Sasa tufike kwenye ghala, mahali ambapo wafanyabiashara wengi huumia. Tuchukue mfano. Duka lina doti 12 za khanga, na kila doti ina faida ya sh. 3,000. Jumamosi asubuhi wateja 10 wanaweka doti moja moja vikapuni. Mwenye duka amepanga kwamba kitu kikiingia kikapuni kishikiliwe saa 24. Zimebaki doti 2 za kuuza. Kati ya wale 10, wanaolipa ni 3 tu. Mchana wanakuja wateja wengine 6 wenye fedha tayari. Wawili wanapata, wanne wanaambiwa mzigo umekwisha.

Mauzo ya siku ni doti 5, faida sh. 15,000, na ghalani zimelala doti 7 ambazo hakuna aliyezinunua. Kama duka lingeshikilia mzigo pale tu mteja anapoanza kulipa, lingeuza doti 9 na kupata faida ya sh. 27,000. Tofauti ya sh. 12,000 haikuletwa na ukosefu wa mzigo wala wa wateja. Imeletwa na kanuni ya kikapu.

Upande wa pili nao una hatari. Duka lisiloshikilia mzigo hata wakati wa malipo linaweza kuuza doti ya mwisho kwa watu wawili katika dakika moja. Mmoja atarudishiwa fedha, gharama za kutuma zitamwangukia mwenye duka, na mteja huyo hatarudi.

Njia ya kati ndiyo inayoshauriwa kwa bidhaa za kawaida: kikapu kisishikilie kitu, ila mteja anapobonyeza kulipa, mzigo ushikiliwe kwa muda mfupi, tuseme dakika 15, kisha uachiwe kama malipo hayakuja. Kwa tikiti na viti, ambavyo kila kimoja ni cha pekee, muda wa kushikilia unaweza kuanza mapema zaidi, lakini mteja aonyeshwe saa inayohesabu.

MALIPO YA SIMU: DAKIKA YA HATARI

Kenya ilianza kutumia M-Pesa Machi 2007, na Tanzania mwaka uliofuata. Leo duka la intaneti linaweza kutuma ombi la malipo likatokea kwenye skrini ya simu ya mteja, naye akaweka namba yake ya siri. Huduma hii imerahisisha biashara sana. Hata hivyo imeleta tatizo ambalo ni lazima lieleweke.

Jibu la malipo halirudi kwa njia ya kivinjari cha mteja. Hurudi kutoka kwa mtandao wa simu moja kwa moja hadi kwenye seva ya duka, na linaweza kuchelewa. Ikiwa duka linategemea kikao cha mteja ili kujua fedha hizi ni za nini, na kikao kimekufa au mteja amefunga ukurasa, fedha zitaingia bila oda. Mteja ana ujumbe wa kuthibitisha kwamba amelipa, na duka halijui limuuzie nini. Katika hali hiyo ugomvi hauepukiki.

Hatua sahihi ni hizi, na mwenye duka amuulize fundi wake kama zinafuatwa:

1. Mteja akibonyeza kulipa, kikapu kigeuzwe kwanza kuwa oda yenye namba, ikiandikwa katika kanzidata pamoja na bidhaa, idadi, bei na namba ya simu.

2. Baada ya oda kuandikwa ndipo ombi la malipo litumwe, likibeba namba ya oda hiyo.

3. Jibu likirudi, duka lilinganishe namba ya oda na kiasi kilicholipwa. Kiasi kikipungua, oda isipitishwe kimya kimya.

4. Jibu lile lile likifika mara mbili, lihesabiwe mara moja. Mteja akibonyeza mara mbili kwa wasiwasi, asikatwe mara mbili.

5. Jibu lisipofika, duka liulize hali ya malipo kwa mtoa huduma kabla ya kumwomba mteja alipe tena.

6. Kila jioni, orodha ya oda zilizolipwa ilinganishwe na taarifa ya fedha zilizoingia, kama vile mhasibu anavyolinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Oda iliyoandikwa kabla ya malipo ndiyo daftari la duka la intaneti.

USALAMA WA NAMBA

Kwa kuwa namba ya kikao ndiyo kibati cha kuchukulia begi, mwenye kuiba namba huchukua begi. Mambo manne yanatosha kwa kuanzia. Kurasa zote za duka zipite njia iliyofungwa, ile inayoonyesha https katika anwani. Kidakuzi kipewe alama ya kutosomwa na programu ndogo zinazokaa ndani ya ukurasa. Mteja akiingia kwa neno la siri, apewe namba mpya, ile ya zamani ifutwe. Na mteja akibonyeza kutoka, kikao kife kwenye seva, si kwenye skrini peke yake. La mwisho ni muhimu sana kwa wanaotumia kompyuta za umma.

Sheria nayo inahusika. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Kikapu chenye jina, namba ya simu na anwani ni taarifa binafsi. Kukitunza bila kikomo eti kwa sababu nafasi ipo ni kujitafutia kesi.

HESABU YA VIKAPU VILIVYOACHWA

Taasisi ya utafiti ya Baymard, ambayo imekusanya tafiti nyingi juu ya suala hili, inaonyesha wastani wa vikapu vinavyoachwa bila kulipiwa ni kama asilimia 70. Wengi wa walioacha walikuwa wakiangalia tu. Miongoni mwa sababu nyingine, inayoongoza ni gharama za ziada, kama usafirishaji, kujitokeza mwishoni.

Kwa hiyo mwenye duka asidanganyike na hesabu ya haraka. Tuseme duka lina vikapu 1,000 kwa mwezi, 300 vinalipiwa kwa wastani wa sh. 40,000, mauzo sh. 12,000,000. Ni makosa kusema vikapu 700 vilivyobaki ni hasara ya sh. 28,000,000. Wengi wao hawakuja kununua.

Swali sahihi ni hili: ni vikapu vingapi vilipotea kwa kosa la duka lenyewe? Fundi anaweza kuhesabu wateja waliofika hatua ya malipo kisha wakaambiwa kikapu ni kitupu. Tuseme ni 30. Mauzo yaliyopotea ni sh. 1,200,000. Kama faida ghafi ni asilimia 20, faida iliyopotea ni sh. 240,000 kwa mwezi. Fundi akidai sh. 900,000 kurekebisha, fedha hiyo inarudi katika muda usiofikia miezi minne. Hapo uamuzi ni rahisi. Kama vikapu vilivyopotea ni 2 tu, ni afadhali fedha hizo ziende kwenye kupunguza gharama za usafirishaji.

KWA MWEKEZAJI MDOGO

Mwekezaji akionyeshwa taarifa yenye idadi kubwa ya vikapu au oda, akumbuke kwamba kikapu si mauzo na oda si mapato. Kwa kanuni ya kimataifa ya hesabu IFRS 15, iliyoanza kutumika Januari 2018, mapato huandikwa bidhaa inapokuwa imekabidhiwa mikononi mwa mteja.

Mfano upo. Jumia iliuza hisa zake katika soko la New York Aprili 2019 kwa dola 14.50 kila moja. Miongoni mwa vipimo ilivyotangaza ni thamani ya oda zote, ambayo kwa maelezo yake yenyewe ilihesabiwa bila kujali oda zilizofutwa au bidhaa zilizorudishwa. Maelezo hayo yalikuwa wazi kwa anayesoma maandishi madogo. Novemba mwaka huo huo kampuni ilifunga biashara yake Tanzania. Funzo si kwamba kipimo hicho ni haramu, bali kwamba aliyekisoma kama mapato alijidanganya mwenyewe.

Kabla ya kutoa akiba yako, uliza maswali matano. Kati ya vikapu 100, vingapi vililipiwa? Kati ya oda 100, ngapi zilifutwa au kurudishwa? Kikapu kinahifadhiwa muda gani, na nani aliamua? Malipo yaliyoingia bila oda mwezi uliopita yalikuwa mangapi? Na nani hulinganisha oda na fedha kila siku? Mwenye duka anayejua majibu haya anaijua biashara yake. Asiyeyajua, hata kama tovuti yake inameremeta, bado anauza akiwa amefumba macho.

ZOEZI

Duka lina vikapu 400 kwa mwezi, 100 vinalipiwa kwa wastani wa sh. 25,000, faida ghafi asilimia 18. Vikapu 16 vilipotea kwa sababu kikao kilikufa kwenye hatua ya malipo. Marekebisho yanagharimu sh. 360,000. Je, fedha itarudi baada ya muda gani?

Jibu: 16 mara sh. 25,000 ni sh. 400,000. Asilimia 18 yake ni sh. 72,000 kwa mwezi. Gawanya sh. 360,000 kwa sh. 72,000, unapata miezi 5. Msomaji mwenye duka na aweke tarakimu zake mwenyewe mahali pa hizi, kisha aamue.